Mwongozo kwa Atakaye Kuwa Tabibu wa Usingizi

Kijana unayesoma haya, iwapo umekwisha kutia nia ya kuwa tabibu, na katika matawi mengi ya utabibu moyo wako umeelekea lile la usingizi na ganzi, au ungali unasitasita kwa kuwa katika ukoo wenu na mtaa wenu hajapata kuonekana mtu wa kazi hiyo, maneno haya yameandikwa kwa ajili yako, ili uijue kazi kabla ya kuiingia, uzito wake na fadhila zake, na ujue pia yakupasayo kujiwekea tangu sasa. Nitalisema mapema lile ninaloliamini, na mengine yote utayaona yanatokana nalo: kumlaza mgonjwa kwa dawa ni jambo la dakika chache, ambalo mkono uliozoezwa hulifanya bila ya taabu kubwa, bali kumlinda katika saa ambazo hawezi kuvuta pumzi kwa nguvu zake, wala kulalamika, wala kujitetea, hata umrudishe kwa watu wake akiwa na akili yake timamu, ndiko utabibu wenyewe uliko. Aliyelazwa ni amana mikononi mwa mtu mmoja, na mtu huyo ni wewe.

Ni vyema uijue asili ya kazi hii, kwa maana imejaa mafunzo. Hata kufikia kati ya karne ya 19 mpasuaji aliyesifiwa alikuwa yule aliye mwepesi wa kisu, kwani mgonjwa alikamatwa na watu wenye nguvu akapasuliwa hali macho, na wengi walichagua kufa na maradhi yao kuliko kuikabili meza ile. Tarehe 16 Oktoba 1846, katika Hospitali Kuu ya Massachusetts mjini Boston, mtabibu wa meno aitwaye William Morton alimvutisha kijana mmoja mvuke wa etha mbele ya hadhara ya madaktari, na mpasuaji John Collins Warren akamwondolea uvimbe wa shingo; kwa ajili hiyo tarehe hiyo huadhimishwa kila mwaka duniani kuwa ndiyo siku ya taaluma yetu. Mwaka uliofuata James Simpson wa Edinburgh akaanza kutumia klorofomu, na furaha ya watu ikapita kiasi, wakadhani kwamba maumivu yamekwisha na hatari haipo. Haukupita muda, Januari 1848, msichana wa miaka 15 aitwaye Hannah Greener, aliyekuwa akiondolewa ukucha wa kidole cha mguu karibu na mji wa Newcastle huko Uingereza, alivutishwa klorofomu akafa kwa dakika chache. Kisa hiki nataka ukihifadhi kuliko kile cha Boston, kwa sababu kinabainisha kwamba upasuaji waweza kuwa mdogo na usingizi wake ukawa na hatari ile ile ya upasuaji mkubwa. Baada ya misiba ya namna hiyo, tabibu wa London aitwaye John Snow aliketi akapima na kuandika: ni kiasi gani cha dawa, katika joto gani la hewa, kwa mtu wa hali gani, naye ndiye aliyempa Malkia Victoria klorofomu katika uzazi wake wa mwaka 1853. Kwa maoni yangu Snow ndiye aliyeiasisi tabia ya kazi hii, yaani kuiheshimu dawa na kuipima, hata mkono ukiwa umekwisha kuizoea.

Njia ya masomo ni ndefu, nami sitakudanganya kuwa ni fupi. Huku Tanzania mwanafunzi hushika Fizikia, Kemia na Baiolojia hata kidato cha 6, akifaulu vema huingia chuo kikuu kusomea udaktari kwa miaka 5, kisha hutumika hospitalini mwaka 1 chini ya usimamizi ndipo apate kusajiliwa na Baraza la Madaktari. Kenya miaka ya chuo ni 6. Baada ya hapo, na aghalabu baada ya kutumika wilayani kwa muda, huomba nafasi ya shahada ya uzamili katika taaluma ya usingizi, kama itolewayo Muhimbili, Nairobi au Makerere, nayo huchukua miaka 3 au zaidi kwa kadiri ya chuo. Fizikia, ambayo wengi huiona kuwa ni ya kufaulia mtihani tu, kwetu ni chombo cha kila siku, kwa maana mtungi wa oksijeni, mvuke wa dawa na mpito wa hewa ndani ya mrija mwembamba wa mtoto mchanga, vyote hutii kanuni zile zile za shinikizo na joto ulizofundishwa ungali na sare ya shule.

Iko njia nyingine iliyo fupi, nayo ina heshima yake kamili. Wauguzi na maofisa tabibu husomea usingizi, kama wafanyavyo katika hospitali ya KCMC huko Moshi, katika Chuo cha Mafunzo ya Tiba cha Kenya na katika hospitali ya Kijabe, na katika hospitali nyingi za wilaya hao ndio waubebao mzigo wote, mchana na usiku, pasipo daktari bingwa wa kuulizwa. Ikiwa hali ya nyumbani haikuruhusu kukaa masomoni miaka 10 na zaidi, ingia kwa mlango huo bila ya haya yoyote. Wagonjwa wanakungoja huko kama wanavyokungoja kwingine.

Tuje sasa kwenye kazi yenyewe. Upasuaji wa kesho kwako wewe huanza leo jioni, unapokwenda wodini kumwona mgonjwa. Msalimu kwa adabu ya watu wa mahali pale, na mwenye umri wa wazazi wako mpe shikamoo yake. Vuta kiti uketi, usimsimamie kichwani. Kisha ujitaje jina lako na kazi yako, kwa kuwa wagonjwa wengi hawana habari kwamba mbali na mpasuaji yuko tabibu mwingine atakayekaa nao tangu mwanzo hata mwisho. Muulize kama amepata kulazwa kwa dawa hapo nyuma, na kama katika ukoo wao yuko aliyepata taabu mezani au aliyechelewa mno kuamka, maana yako maradhi adimu ya urithi ambayo hayajidhihirishi mpaka siku ile mtu atakapopewa dawa fulani zetu. Uliza pumu, kifafa, kisukari, presha, na hasa selimundu, ambayo katika mwambao wetu na kandokando ya ziwa Viktoria si jambo la nadra; mwenye selimundu akipatwa na baridi, akikaukiwa maji au akipungukiwa oksijeni, chembe zake za damu hujikunja na kuziba mishipa, hata upasuaji uliokwenda salama ukamletea masaibu usiku wake. Mambo ya sigara, pombe, mirungi na dawa za miti shamba uyaulize kwa upole na faragha, jamaa wakiwa wametoka nje, wala usoni mwako isionekane hukumu. Kwa kuwa mgonjwa akiona haya atakuficha, na alichokuficha kitakutokea kesho katika mapigo ya moyo wake.

Kisha mtazame. Mwambie afunue kinywa kadiri awezavyo na kutoa ulimi, upate kujua kama utaiona njia ya koo. Mwambie arudishe kichwa nyuma, ujue kama shingo yake inakunjika. Gusa meno yanayocheza, na uagize meno ya bandia yatolewe asubuhi na kukabidhiwa kwa jamaa. Ukimaliza usiondoke kwa haraka. Keti kidogo umwachie nafasi ya kuuliza lile linalomkaa moyoni, ambalo takriban siku zote ni moja: kwamba ataamka au hataamka. Usimjibu kwa kicheko wala usimpe ahadi iliyo kwa Mungu peke yake. Mwambie kweli, kwamba utakuwa kando yake wakati wote, kwamba vipo vyombo vitakavyokuarifu hali yake kila dakika, na kwamba watu wengi wa hali kama yake hulala na kuamka salama. Nimeona wazee walioingia na presha ya juu kwa hofu, nayo ikashuka kwa maneno hayo tu, kabla ya dawa yoyote.

Katika maagizo ya jioni hiyo lililo kubwa ni kufunga, nalo nitalieleza kwa urefu kwa sababu ndilo linalokosewa zaidi. Mtu aliye macho akitapika, koo lake hujifunga lenyewe ili matapishi yasiingie mapafuni. Aliyelala kwa nusukaputi koo lake limelala naye, na uchachu wa tumbo ukishuka mapafuni huyaunguza, pengine hata kifo. Kwa hiyo chakula kizito chenye mafuta, kama pilau, kinahitaji saa 8 kabla ya upasuaji; chakula chepesi saa 6; maziwa ya mama kwa mtoto mchanga saa 4; na maji matupu au chai ya rangi isiyo na maziwa saa 2. Usimwulize mgonjwa kama amekula. Atakujibu hajala, naye atakuwa mkweli kwa hesabu yake, kwani uji wa alfajiri na kikombe cha chai ya maziwa kwake havihesabiwi katika chakula. Muulize kitu gani cha mwisho kilipita kinywani mwake na saa ngapi, na umuulize na mamaye au mkewe pia. Katika mwezi wa Ramadhani uwe na hadhari zaidi, kwa maana daku nzito ya saa 10 alfajiri bado imo tumboni saa 3 asubuhi. Na kinyume chake, mgonjwa aliyengojeshwa hata alasiri bila ya tone la maji mishipa yake imekauka, na presha yake itaanguka mara utakapompa dawa ya kwanza. Mtoto mdogo ndiye asiyestahimili kabisa kungojeshwa, basi dai kwamba watoto watangulie katika orodha ya siku.

Asubuhi ufike kabla ya wenzako. Fungua mtungi wa oksijeni uone kipimo chake, kisha uone na mtungi wa akiba, kwa mkono wako na jicho lako, usitosheke na neno la mtu kwamba upo. Ziba mdomo wa mashine ujaze hewa usikilize kama inavuja. Washa mashine ya kunyonya mate na matapishi, na ncha ya mrija wake uiweke chini ya mto wa mgonjwa ambapo mkono utaifikia pasipo kutazama. Washa taa ya laringoskopi, chombo cha kutazamia koo, na uwe na ya pili. Panga mirija ya hewa ya unene unaoufikiri, na mmoja ulio mwembamba zaidi. Na mfuko wa kupumulishia kwa mkono uwe juu ya mashine, kwa sababu mfuko huo hauhitaji umeme wala mtungi. Dawa ukizivuta katika mabomba ya sindano uziandike jina na kipimo hapo hapo, kila bomba na karatasi yake, kwa maana dawa zetu nyingi ni maji meupe yasiyotofautika kwa macho, na moja yaweza kuupandisha moyo na nyingine kuizuia pumzi. Mazoea haya huchosha, na katika siku 100 pengine isitokee hata mara moja ukahitaji ule mtungi wa pili. Hata hivyo nakusihi usiyapunguze.

Kabla ya mgonjwa kulazwa, kabla ya kisu kugusa ngozi, na kabla ya mgonjwa kutolewa chumbani, watu wote waliomo husimama wakajibu maswali ya orodha iliyotolewa na Shirika la Afya Duniani mwaka 2008: huyu ni nani, anapasuliwa nini na upande gani, ana mzio wa dawa gani, na kipimo cha oksijeni kimevishwa na kinafanya kazi? Orodha hiyo ilijaribiwa katika hospitali 8 za miji mbalimbali ya dunia, ikiwamo hospitali ya Ifakara katika bonde la Kilombero, sambamba na London, Toronto na Manila. Na matokeo yaliyochapishwa mwaka 2009 yalionyesha kwamba vifo vilishuka kutoka asilimia 1.5 hata asilimia 0.8. Nalitaja hili kwa fahari, kwa sababu elimu iliyookoa watu katika mataifa makubwa ilipimwa pia mikononi mwa wauguzi na matabibu wetu.

Sehemu kubwa ya kazi yako katika hospitali za kwetu itakuwa kwa akina mama wanaojifungua kwa upasuaji, na wengi wao hawalazwi bali hutiwa ganzi ya mgongo, ambayo August Bier aliianza huko Ujerumani mwaka 1898. Mama huketi ukingoni mwa meza, miguu yake juu ya kigoda, na muuguzi amesimama mbele yake amemshika mabega. Hapa wanafunzi hutoa amri isiyofaa, humwambia akunje mgongo naye hukunja shingo; mwambie aketi kama anayekuna nazi juu ya mbuzi, na mgongo utatoka nje wenyewe, mianya ya pingili ikafunguka. Papasa mifupa ya nyonga pande zote mbili, uiunganishe kwa mstari wa fikira, nao utakuangusha kwenye pingili ya 4 ya kiuno. Mwanya ulio juu yake ndio mlango wako. Safisha ngozi na ungoje dawa ikauke. Sindano nyembamba hupita katika nyama na kano kwa ukinzani unaousikia vidoleni, kisha ukinzani hulegea ghafula. Chomoa waya wa ndani, ungoje, na tone la maji maangavu litajitokeza taratibu. Likija na damu lisitakate, usidunge, bali ondoa uanze upya.

Dawa ikiisha kuingia, mama atakuambia kwamba miguu inapata joto, kisha inakuwa mizito. Mlaze, uweke mto chini ya nyonga yake ya kulia ili tumbo lielekee kushoto, maana mji wa uzazi uliojaa hukandamiza mshipa mkubwa urudishao damu moyoni. Katika dakika 10 za kwanza usiandike kitu, usizungumze na mtu juu ya mambo mengine, usipokee simu. Pima presha kila dakika 1 au 2, na mama akisema tu kwamba anasikia kichefuchefu, jua kwamba presha yaweza kuwa imekwisha kuanguka kabla mashine haijakwambia. Katika saa hiyo yu macho, anasikia kila neno, anatetemeka kwa baridi na hofu, na wewe uliye upande wa kichwa chake ndiwe ndugu yake wa pekee chumbani. Mweleze kila kinachofanyika kabla hakijafanyika. Akianza kuomba dua, mwache aombe.

Kwa nusukaputi kamili kanuni ya kwanza ni kumvutisha oksijeni tupu kwa dakika 3 kabla ya dawa, barakoa ikiwa imekaza usoni. Aliyejazwa hivyo hustahimili dakika kadhaa bila ya kupumua, muda utakaokutosha kutia mrija. Asiyejazwa huanza kupungukiwa mara. Mrija ukiisha kuingia, tazama kifua kinainuka pande zote mbili, sikiliza kulia, kushoto na tumboni, na penye kipimo cha hewa ya ukaa itokayo pumzini kitumie daima, kwani hicho ndicho shahidi wa kuaminika kwamba mrija umo njiani mwa hewa na haukuingia njia ya chakula. Na ukijaribu mara ya kwanza ukashindwa, ukabadili mlalo wa kichwa ukajaribu tena ukashindwa, rudisha barakoa, mpe oksijeni, na umwite mwenzako kwa sauti. Haja ya mgonjwa ni oksijeni, na mrija ni njia moja tu ya kuifikisha. Wako waliopoteza watu kwa kung'ang'ania mrija ilhali barakoa ilikuwa ikitosha, na kilichowashika ni aibu ya kuonekana wameshindwa. Aibu hiyo uiache nje ya mlango pamoja na viatu vyako.

Chombo kidogo kinachobanwa kidoleni, kitokanacho na uvumbuzi wa Mjapani Takuo Aoyagi wa mwaka 1974, ndicho kilichoiokoa kazi yetu kuliko kingine chochote. Huipitisha nuru katika kidole, kikasoma kwa rangi ya damu ni kiasi gani cha oksijeni kilichochukuliwa, na kila pigo la moyo hukipa mlio. Oksijeni ikipungua, mlio hushuka sauti. Jifunze kuusikia mlio huo hata ukiwa umegeuza uso, na uufahamu vizuri hata ushtuke unapobadilika kabla hujajua umeshtushwa na nini. Na kwa kuwa tunakaa mwambao, kumbuka kwamba rangi ya kucha na piko huweza kuipotosha nuru hiyo. Bibi arusi aliyeletwa kwa haraka na mikono yake imepambwa, usimkwangue kucha kwa ghadhabu mbele ya watu. Tafuta kidole kisichopakwa, au kipimo cha kubana ndewe ya sikio.

Utakapopelekwa hospitali iliyo mbali na mji utakuta kwamba umeme hukatika na mitungi huchelewa. Ndiyo maana nakusihi ujifunze njia za zamani pamoja na mpya: kumpumulisha mtu kwa mkono kwa saa nzima bila kuchoka, kuhesabu mapigo kwa kidole shingoni, kutambua weupe wa ulimi na kope. Huko ketamini itakuwa rafiki yako mkubwa, kwa kuwa huondoa maumivu na kulaza huku ikiiacha pumzi iendelee na presha isianguke; lakini ina masharti yake, usiikimbilie kwa mama mwenye kifafa cha mimba, ambaye presha yake imekwisha kupanda, na anayeamka kutoka katika dawa hiyo mwekee ukimya, kwa maana wengine huamka na ndoto za kutisha wakapiga mayowe.

Neno moja juu ya wapasuaji. Utafanya kazi na watu waliokuzidi umri, elimu na cheo, wenye haraka, na wengine wenye sauti kubwa, nawe itakupasa mara kwa mara kuwazuia. Zoea kusema kwa adabu na bila kutetemeka: "Mzee, naomba tusubiri, damu haijaletwa", au, kisu kikiwa kimekwisha kuingia, "Daktari, presha imeshuka, bana hapo usimame kidogo." Usiseme kwa fumbo wala kwa kunung'unika chini ya barakoa, taja kilichotokea na unachotaka afanye. Mpasuaji mwenye insafu atakushukuru, na asiye nayo atazoea. Heshima ya mkubwa ni wajibu wetu, walakini haifiki hata kumtoa mgonjwa kafara.

Upasuaji ukimalizika kazi yako haijamalizika. Kuamka kuna hatari zake sawa na kulala: mwache apumue mwenyewe kwa nguvu, aitikie jina lake, ainue kichwa, ndipo umwondolee mrija, kisha mlaze kwa ubavu, mfunike, na ufuatane naye hata chumba cha kuamkia, umkabidhi kwa muuguzi kwa maneno kamili, nini kilifanyika, dawa gani alipewa, damu kiasi gani ilimwagika, atulizwe maumivu kwa kitu gani. Wengi wetu huitwa pia katika wodi za wagonjwa mahututi, na si kwa bahati: mwaka 1952, Copenhagen ilipopatwa na janga la polio, tabibu wa usingizi Bjørn Ibsen ndiye aliyeshauri wagonjwa waliolemaa misuli ya pumzi watiwe mrija kooni na kupumulishwa kwa mkono, na wanafunzi wa udaktari wakapeana zamu kuibana mifuko ya hewa usiku na mchana; wodi za namna hiyo duniani zilichipuka kutokana na kazi ile.

Kuhusu mshahara nitasema kidogo tu: utakutosha kuishi kwa staha, wala hautakutajirisha kwa haraka. Zamu za usiku ni nyingi, na mwenzi wako wa ndoa inafaa aelezwe hayo kabla ya posa. Wewe mwenyewe ulale; aliyekesha siku mbili aombe kupokewa zamu, kwa maana usingizi wa mlinzi ni hatari kwa anayelindwa. Juu ya hayo, mikononi mwako zitapita mofini, pethidini, fentanili na ketamini, dawa zilizokwisha kuwateka matabibu wenye akili na dini. Ziwe chini ya ufunguo, ziandikwe katika daftari kwa mililita, na masalio yamwagwe mbele ya shahidi. Ukiona moyo wako unazielekea, au ukimwona mwenzio mikono inamtetemeka na hesabu za daftari hazipatani, nenda siku ile ile kwa mkubwa wenu ukaseme, kwa kuwa kumsitiri mtu katika jambo hili ni kumzika.

Shirikisho la Dunia la matabibu wa usingizi, lililoundwa mwaka 1955, limeweka lengo la madaktari wa fani hii wasiopungua 5 kwa kila watu 100,000, na Tanzania, Kenya na Uganda zote zingali chini ya 1. Basi wewe uliye kidato cha 5 au mwaka wa mwisho wa udaktari, nenda hospitali ya mkoa wako, umwombe mganga mfawidhi ruhusa ya kuingia chumba cha upasuaji siku moja, na ukiingia usiende kusimama palipo kisu, bali simama upande wa kichwa cha mgonjwa pamoja na tabibu wa usingizi, utazame afanyalo tangu barakoa ya kwanza hata mgonjwa atakapoitika jina lake. Ukiona kwamba kazi inakufaa, omba nafasi ya masomo mwaka huu huu, wala usingoje kushawishiwa na mtu.